Msomaji wa Kumi na Nane

Gazeti la Mbiu ya Bonde lilikuwa na nakala moja na wahariri kumi na wanane. Mwenye cheo hicho rasmi alikuwa mmoja tu, Ithel Bowen, ambaye kule Wales alikuwa mwalimu na huku Patagonia, kusini kabisa mwa Amerika, akawa mkulima, ingawa ngano yake haikuwahi kulikubali jina hilo. Bondeni hapakuwa na mashine ya kupigia chapa, na karatasi zilikuja kwa meli mara mbili kwa mwaka, nyingine zimeshalowa. Kwa hiyo kila mwezi Ithel aliketi mezani, akaandika kurasa nane kwa mwandiko wa kupendeza, akazikunja na kumpa jirani yake wa chini ya mto. Jirani akishasoma alimpa jirani yake, naye akampa wake, shamba hadi shamba, mpaka nyumba ya kumi na nane.

Nyumba hiyo ilikuwa Pant-hesg, karibu na mdomo wa mto, na waliokaa humo ni mjane Lowri Pugh na mama mkwe wake, Mallt. Kutoka hapo gazeti halikurudi juu. Lowri alilifunga kwa uzi, akampa nahodha wa meli iliyokuja kuchukua ngano, na baada ya miezi mitatu hivi likafika Wales, kwa binamu wa Ithel. Binamu huyo alikuwa na gazeti la kweli, la herufi za risasi na wino, liitwalo Taa ya Magharibi, na alichapa alichopenda chini ya kichwa "Kutoka kwa Ndugu Zetu wa Ng'ambo". Ithel alikuwa tayari kufa njaa ilmradi jina lake, ambalo lilikuwa halijatokea hata mara moja, litokee pale, na kwa mavuno yale hakuwa mbali sana na kufa.

Kosa lake, kama lilikuwa kosa, ni kupenda ukweli kupita kiasi. Juu ya kila toleo aliandika kanuni: msomaji akiona kosa, alisahihishe pambizoni, aweke na jina la shamba lake, na lolote ambalo wasomaji wa baada yake hawatalipinga, lihesabiwe kuwa kweli. Ilikuwa kanuni nzuri sana, na ingefanya kazi vizuri mahali penye watu wasiojipenda.

Ithel aliandika kwamba Josua Prydderch ameua kicheche zizini kwa sepeto. Kwamba ni kicheche hakuna asiyejua, maana kwa ile harufu Josua alikaa kanisani Jumapili tatu peke yake benchi zima. Lakini pambizoni aliandika, "Si kicheche, ni puma," yule paka mkubwa kama chui, na majirani waliofuata hawakupinga, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na puma wake wa kumshughulikia. Mmoja alichimba mfereji siku tatu. Pambizo likasema tisa. Mwingine aliimba kwenye shindano akashika nafasi ya tatu katika watatu; pambizo likasema watu walilia, na huenda walilia kweli. Ule ugomvi wa ubatizo nao, kama mtu azamishwe mzima au anyunyiziwe tu, ulizunguka kingo za gazeti mwaka mzima, Wabaptisti kushoto na Wamethodisti kulia. Gazeti lilipofika Pant-hesg lilikuwa limejaa viraka kama shuka la bwenini.

Ithel hakujua lolote kati ya hayo. Gazeti lilimtoka mikononi likiwa safi kama mtoto aliyeogeshwa, na halikuwahi kurudi kumwonyesha lilikocheza.

Aliyejua ni Lowri, maana ndiye aliyelisoma likiwa na uchafu wake wote, tena kwa sauti, kwa ajili ya Mallt ambaye macho yalikuwa yamepungua na masikio yakaongezeka. Mallt alipenda mapambizo kuliko gazeti. Alikuwa akisema, "Ruka hayo ya Mwalimu, nisomee waongo."

Lakini kwa magazeti ya kutoka Wales, Mallt hakuwa na mzaha. Kila meli ilileta robota la Taa ya Magharibi, matoleo ishirini na sita, na sheria yake ilikuwa toleo moja kila Jumamosi, kwa mpangilio, bila kuruka. Walikuwa nyuma ya dunia kwa miezi sita na wakabaki nyuma hivyo hivyo, kwa adabu. Robota lenyewe alilifanya mto wa kiti chake na kulikalia, ili mtu asishawishike. Mwaka mmoja gazeti lilisema mhubiri aliyempenda tangu usichana anaumwa sana. Mallt alimwombea wiki nne, asubuhi na jioni, huku habari ya mazishi yake ikiwa chini ya makalio yake mwenyewe. Wiki ya tano Lowri alisoma kwamba amezikwa, na Mallt akalia kama aliyefiwa jana.

Sasa, bonde lile halina mvua ya kutegemea. Kuna mto, na kuna udongo mweusi unaopasuka kwa kiu hatua mia kutoka kwenye mto. Kwa hiyo watu walichimba mfereji, msimu baada ya msimu, kuanzia kwa Ithel kushuka chini, na shamba ulilolifikia likavuna, na shamba ambalo haukulifikia likangoja. Gethin, mumewe Lowri, alichimba ule wa juu miaka miwili, akichimbia mashamba ya wengine kwa matumaini ya zamu yake. Kisha mto ukafurika akiwa anavuka na farasi, na farasi ndiye aliyerudi nyumbani. Tangu hapo Pant-hesg ilivuna mara moja katika misimu mitatu. Mfereji usipofika, Lowri na mama mkwe wangepanda meli kurudi Wales kuwa mzigo kwa jamaa. Mallt alikuwa ametapika miezi miwili mfululizo wakati wa kuja, na aliapa kwamba hapandi meli tena labda akiwa amefungwa ndani ya sanduku.

Mwezi wa nne Ithel alitangaza gazetini mkutano wa kuamua mfereji uishie wapi. Tangazo lilimfikia Lowri Jumatano. Mkutano ulikuwa umefanyika Jumamosi.

Siku hizo Mallt alikuwa na kifua, kwa hiyo hawakwenda kanisani Jumapili mbili; na hata wangekwenda, wasingeambiwa kitu. Siku ya Bwana watu wa bonde hawazungumzii maji yoyote isipokuwa ya ubatizo. Jirani wa kumi na saba, aliyekaa na gazeti siku kumi na moja, alikuwa Esdras Rhys wa Cefn-gro, mzee wa kanisa. Lowri akatandika farasi, akaenda kwake.

Alimkuta ukumbini akinoa sepeto. Esdras alimkaribisha vizuri, akamuuliza hali ya mama, akasikitikia kifua chake. Kuhusu gazeti alieleza kwamba yeye husoma polepole, kwa kidole, kwa sababu neno lililochapwa au kuandikwa ni amana. Kuhusu mkutano alisema kura zilikuwa tisa kwa nane, na mfereji utaishia Cefn-gro.

"Tisa kwa nane," Lowri alisema. "Na mimi ningekuwepo, mzee?"

"Usingekuwepo, binti. Hukuwepo."

"Nakuuliza ningekuwepo."

"Basi zingekuwa tisa kwa tisa, na mwenyekiti angeamua," Esdras alisema kwa upole. Mwenyekiti alikuwa yeye. "Mfereji huchimbwa na wanaume, Lowri. Kwako kuna sepeto la marehemu na wanawake wawili. Mkutano ukishafungwa umefungwa. Chukua siagi kidogo umpelekee mama."

Lowri alikuwa na hasira hata hakuona njia ya kurudi. Farasi ndiye aliyeijua. Siagi aliichukua, kwa sababu Mallt alipenda siagi.

Toleo lililofuata lilikuwa na taarifa ya mkutano. Ithel aliandika kila kitu kama kilivyokuwa, hata kikohozi cha mtu mmoja wakati wa sala. Lakini majirani walikuwa wamepita hapo kabla ya Lowri. Josua alikuwa amemkumbusha msomaji puma wake, na mwimbaji machozi ya wasikilizaji wake. Siku za kuchimba zilikuwa zimeongezeka mara tatu. Hotuba ya dakika mbili ilikuwa imekuwa "hotuba ambayo bonde halitaisahau". Na penye tisa kwa nane, mtu wa Cefn-gro, kwa mwandiko wa mtu anayesoma kwa kidole, alikuwa ameandika: "Si hivyo. Ilikuwa kwa kauli moja, na mkutano ukamshukuru mwenyekiti kwa busara yake."

"Kauli moja," Mallt alisema. "Wale wanane wamekufa lini? Hebu chukua kalamu, mwanangu. Mwandike."

Lowri akachukua kalamu. Alikusudia kuandika yote: siku kumi na moja za gazeti juu ya rafu ya Esdras, miaka miwili ya Gethin kwenye mfereji wa wengine, kura yake iliyonyimwa njia. Aligeuza ukurasa huku na huku. Hapakuwa na mahali. Wanaume kumi na sita walikuwa wameshajisifu juu, chini na pande zote mbili, na nafasi iliyobaki, chini kabisa ya taarifa, ilikuwa ndefu kama kidole na pana kama kamba ya kiatu. Kulalamika kunataka ukurasa. Uongo unaenea ndani ya mstari mmoja.

Alifikiri kidogo, si sana. Kisha akaandika kwa herufi ndogo: "Cefn-gro si mwisho. Mkutano ulimkumbuka mjane, ukakubali mfereji ufike Pant-hesg."

Mallt alimtaka asome. Alisoma. Bibi kizee akatafuna mdomo.

"Si kweli hayo," alisema.

"Kanuni ya Mwalimu inasema atakayekuja baada yangu apinge," Lowri alijibu. "Nani yuko baada yangu, mama?"

"Samaki."

"Basi wapinge."

Alilifunga gazeti kwa uzi, akalipeleka kwa nahodha. Hakutarajia kitu. Labda huko Wales binamu wa Ithel angesoma, na mtu mmoja duniani angeamini kwamba watu wa bonde wana utu. Alirudi nyumbani akiona aibu kidogo, na akaendelea kuwa na hasira, mambo mawili ambayo hukaa vizuri tu pamoja.

Msimu ule mfereji ulichimbwa mpaka nusu ya njia, ukasimama kwa sababu ya mavuno. Ngano ya Pant-hesg ilitoka ardhini urefu wa kiganja, ikaona hali ilivyo, ikageuka njano. Lowri aliuza kondoo sita. Alianza kuuliza-uliza habari za nafasi kwenye meli, akiwa mbali na masikio ya Mallt, na akasikitika kwamba mwanamke huyo mzee angekufa baharini kwa sababu ya kura moja.

Mwishoni mwa mwezi wa pili meli ilileta robota. Mallt akalikalia.

Siku zilizofuata watu wa bonde walianza kuwa na tabia za ajabu. Josua Prydderch alionekana amevaa kofia ya Jumapili siku ya Jumanne. Yule mwimbaji alipita Pant-hesg akiimba, bila kuombwa. Halafu mke wa Esdras alikuja mwenyewe na siagi, akakaa, akamtazama Lowri kama anayetaka kusema neno na neno haliko tayari, akaondoka. Lowri alijua kuna kitu magazetini. Wengine bondeni hawakuwa na sheria za Mallt; walifungua marobota yao siku ileile na kusoma kuanzia mwisho.

"Mama, naomba nitazame moja tu."

"Tuko mwezi wa nane," Mallt alisema. "Mwezi wa nane wa mwaka jana. Ungoje kama wenzio waliokufa wanavyongoja ufufuo."

"Mkutano wa mfereji ni kesho."

"Basi utakwenda bila kujua, kama Mkristo yeyote."

Ulipofika mchana Mallt alisinzia. Lowri alipiga magoti nyuma ya kiti, akaingiza mkono, akavuta toleo moja baada ya jingine taratibu, kama mtu anayeiba mayai chini ya kuku. Kwenye toleo la katikati mwa mwezi wa tisa aliona kichwa: "Kutoka kwa Ndugu Zetu wa Ng'ambo". Chini yake kulikuwa na mkutano wao. Mpanga herufi wa Wales alikuwa amepewa kurasa zenye masahihisho pembeni, na kwa mpanga herufi masahihisho ya pembeni ni ya mhariri. Alikuwa ameingiza yote, kila moja mahali pake, bila doa. Puma alikuwemo. Machozi ya wasikilizaji yalikuwemo. Kauli moja ilikuwemo. Na mwisho, kwa herufi nyeusi zilizonyooka, mkutano ulimkumbuka mjane.

Juu ya yote binamu alikuwa ameongeza utangulizi wake. Alisema kwamba katika magazeti yote ya Kiwelisi, ya nyumbani na ya ng'ambo, hajaona mwandishi makini kama Bwana Ithel Bowen, ambaye hata tendo dogo la huruma kwa mjane halimpiti.

Lowri alikaa sakafuni, toleo mapajani.

"Umesoma?" Mallt aliuliza, macho ameyafumba.

"Nimesoma."

"Yamechapwa?"

"Yamechapwa, mama."

"Mh," Mallt alisema. "Basi ni kweli. Rudisha ulipolitoa, tutalifikia mwezi ujao."

Mkutano ulikuwa kanisani, kwa kuwa hapakuwa na jengo jingine lenye benchi. Esdras aliketi mbele. Ithel alisimama na gazeti, na uso wake ulikuwa na mambo mawili yanayopigana. Alikuwa amelisoma mara kumi. Mara tano alikuwa amefurahi. Kwa desturi, mhariri husoma taarifa ya mkutano uliopita ili ithibitishwe, na safari hii, kwa mara ya kwanza katika maisha ya bonde, taarifa ilikuwa imechapwa. Watu walitaka waisikie ikisomwa kutoka kwenye chapa, si kutoka kwenye mwandiko.

Akasoma. Kila jina lilipotajwa, mwenye jina alitazama viatu vyake kwa unyenyekevu. Puma alipita salama. Siku tisa zilipita, na hotuba ambayo bonde halitaisahau, ingawa bonde lilikuwa limeshaisahau. Kauli moja ilipita, na wale wanane walitazamana, lakini wawili kati yao walikuwa wametajwa vizuri ukurasa uleule. Kisha Ithel akafika kwenye mstari wa mwisho, sauti ikapungua, akausoma.

Esdras alisimama. Alisema kwa upole wake uleule kwamba, kwa heshima zote kwa Taa ya Magharibi, jambo hilo halikusemwa. Mwenyekiti ni yeye, na anakumbuka. Hapo pana kosa, na kosa lisahihishwe.

Watu wote wakamtazama Lowri. Alikaza shali yake, akasimama.

"Mzee anasema kweli," alisema. "Pana kosa. Naomba tusahihishe. Ila tusianzie chini kama wezi, tuanzie juu ya ukurasa. Mwalimu atusomee mstari mmoja mmoja, na kila aliyekuwepo aseme kama ndivyo ilivyokuwa. Tuanze na puma."

Hapana aliyecheka. Josua Prydderch alitafuta kitu ndani ya kofia yake. Yule mwimbaji alikohoa. Taarifa ilikuwa imechapwa, na nakala ziko Wales nzima. Mama zao, kaka zao na wachumba waliowakataa walikuwa wameshaisoma. Nani angeandika kule kusema kwamba ni kicheche?

"Hakuna haja ya kwenda juu sana," mtu mmoja alisema.

"Mimi naona taarifa iko sawa," Josua alisema. "Kwa ujumla wake."

Esdras hakuwa mjinga. Alimgeukia Ithel. "Mwalimu una rasimu yako. Uliandika nini kwa mkono wako? Lete tuone, tumalize."

Hapo ndipo watu walipokumbuka kwamba yupo mtu mmoja bondeni ambaye ukweli wote uko kabatini kwake. Ithel alishika gazeti. Kidole gumba chake kilikuwa juu ya ile sentensi ya binamu, mwandishi makini katika magazeti yote ya Kiwelisi. Lowri aliona jinsi kilivyokuwa kikiisugua sentensi ile, mbele na nyuma, kama mtu anayembembeleza paka.

"Rasimu haipo," Ithel alisema. "Karatasi ni chache. Mke wangu aliitandika chini ya keki."

Mkewe, benchi ya tatu, alimgeukia taratibu. Rasimu zote za miaka minne zilikuwa ndani ya sanduku chini ya kitanda chao, zimefungwa kwa utepe, na yeye haruhusiwi hata kulipangusa vumbi. Baadaye alimwambia Lowri kwamba katika miaka kumi na tisa ya ndoa hiyo ndiyo keki pekee ambayo mumewe amewahi kuisifu.

Kura zikapigwa. Mikono kumi na saba ilipanda, na mwishowe, kwa kuwa mwenyekiti aliyekwisha kutajwa kwa busara hawezi kubaki peke yake na mkono chini, ukapanda wa kumi na nane. Safari hii ilikuwa kweli kwa kauli moja.

Walichimba majira ya baridi yote. Lowri alichimba nao, kwa sepeto la Gethin. Mwezi wa tisa maji yalivuka Cefn-gro, yakapita chini ya ubao ambao Esdras aliuweka kuwa lango, yakaingia Pant-hesg yakiwa ya udongo na yenye povu, na Mallt akapelekwa kwa kiti mpaka ukingoni akaweka mguu ndani, na soksi yake.

Kulikuwa na karamu. Lowri alipika keki ya zabibu na kumimina chai, bonde zima lilikuja. Esdras aliombwa aseme machache. Alieleza jinsi ambavyo, tangu siku ya kwanza, hata kabla mtu hajataja jambo hilo, moyo wake ulikuwa kwa mjane. Na jinsi alivyowaambia ndugu zake kwamba mfereji usiofika kwa wa mwisho haujafika kokote. Alikuwa ameyasema hayo majira yote ya baridi na sasa aliyaamini, na machozi yaliyomtoka yalikuwa ya kweli. Meli iliyopita ilikuwa imeleta barua kwamba huko Wales wamehubiri juu ya jambo hilo, makanisa matatu. Watu wakamtazama Lowri, wakingoja.

Lowri alisimama akamshukuru mzee Esdras. Akampa kipande cha keki cha pembeni, penye zabibu nyingi.

Wiki tatu baadaye Mbiu ya Bonde ikafika. Ithel alikuwa ameandika karamu yote kwa mwandiko wake mzuri, na hotuba ya Esdras neno kwa neno. Lowri alifungua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa nane. Mapambizo yalikuwa meupe. Majirani kumi na sita walikuwa wamejua sasa kalamu inavyofika mbali, na hakuna aliyetaka kugusa. Nafasi yote aliyoikosa mwaka jana ilikuwa hapo mbele yake, kurasa nane, juu, chini na pande zote mbili. Siku kumi na moja zingeenea. Gethin angeenea.

Alichovya kalamu. Dirishani aliona mfereji na, mbali kidogo, lango la Esdras, ubao mmoja ambao mtu anaweza kuushusha kwa mkono mmoja. Kilichouzuia ubao ule usishuke ni ahadi, na ahadi yenyewe ni mstari wake mwenyewe, wa uongo, mwembamba kama kamba ya kiatu.

"Mbona kimya?" Mallt aliuliza kutoka kitini. "Nisomee waongo."

"Hawapo mwezi huu, mama."

"Hata mmoja? Hebu angalia vizuri. Hakuna kosa?"

Lowri aliifuta kalamu kwa aproni yake, akaukunja ukurasa wa hotuba ndani, akatafuta uzi.

"Hakuna kosa," alisema, akalifunga, akatoka kwenda kumngoja nahodha.